Sekondari ya kutwa Newala: chakula cha mchana, masomo ya jioni na kitalu cha mikorosho, tuanze na kipi?

Mjumbe_Newala

Wana Kusini, salaam. Shule ninayoiulizia ni sekondari ya kutwa ya serikali, kidato cha 1 hadi cha 4, wanafunzi 320, ipo mji mdogo juu ya uwanda wa Makonde. Wanafunzi wengine wanatembea kilomita 5 au 6. Vipindi vinaanza saa 2 asubuhi na kuisha saa 8:40 mchana, na wengi hawatii kitu kinywani mpaka warudi nyumbani.

Bodi ya shule ina mapendekezo matatu kwa mwaka ujao: chakula cha mchana, masomo ya ziada ya jioni kwa kidato cha 2 na cha 4, na klabu ya kilimo yenye kitalu cha miche ya mikorosho. Nguvu za wazazi hazitoshi kuanza yote pamoja. Tulicho nacho: majengo matano ya madarasa mawili mawili, mabati mazima, ila gata zipo jengo moja tu. Bomba la mradi wa maji wa Makonde linafika shuleni, maji yanatoka kwa mgawo. Jiko hakuna, lakini kuna banda la zamani lenye paa zuri.

Naomba mnisaidie kwa hesabu: mzazi achangie nini, kiasi gani, lini, na ni wapi mipango ya namna hii huwa inakwama.

---

Jiko_Nachingwea

Anzeni na chakula. Masomo ya jioni bila chakula ni kuwakalisha watoto darasani saa 9 wakiwa na njaa tangu alfajiri, na mahudhurio yatapukutika kabla muhula haujafika katikati. Klabu ya kilimo nayo inataka mtoto mwenye nguvu ya kubeba ndoo.

Hesabu ya watu 320, siku 194 za masomo kwa mwaka, ambazo ni kama wiki 39. Panga makande siku 3 na ugali siku 2. Makande: gramu 120 za mahindi na gramu 50 za mbaazi kwa kila mwanafunzi, yaani kilo 38.4 za mahindi na kilo 16 za mbaazi kwa siku. Ugali: gramu 200 za unga na gramu 60 za mbaazi au kunde, yaani kilo 64 za unga na kilo 19.2 za mboga. Ukijumlisha wiki nzima unapata kama kilo 245 za mahindi na kilo 86 za jamii ya kunde. Kwa mwaka kila mwanafunzi anakula takriban kilo 30 za mahindi na kilo 10.5 za mbaazi. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukoboa, kupepeta na kilichoharibika ghalani: kilo 33 za mahindi na kilo 12 za mbaazi. Hiyo ndiyo namba ya kuwapelekea wazazi. Mafuta ni mililita 10 kwa kichwa, lita 3.2 kwa siku. Chumvi yenye madini joto ni kilo 1 kwa siku. Hivi viwili havitoki shambani, vinataka fedha taslimu, na mipango mingi huvisahau mpaka siku ya kwanza ya kupika.

Pokeeni kwa mizani, si kwa debe. Gunia la kilo 100 ni kama debe 6, kwa hiyo mzazi atakwambia kilo 33 ni debe 2, na ni kweli kama debe limejaa na mahindi ni makavu. Debe la kichwa (lililorundikwa) na debe la kufuta (lililosawazishwa) vinatofautiana kilo 2 au 3, na kwa watoto 320 tofauti hiyo ni magunia kadhaa.

Sasa ghala, maana hapa ndipo chakula cha shule kinapopotelea. Mahindi yakiingia mabichi yatashika ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Kipimo cha mlangoni ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza mahindi mpaka robo ya chupa, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji mengi. Mwambie mzazi ayarudishe juani. Yaliyokauka yatiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu. Kila tabaka lifungwe peke yake baada ya kukandamiza hewa itoke, na mfuko usifunguliwe walau mwezi mzima. Dumuzi aliyemo ndani hufa kwa kukosa hewa, hamhitaji dawa ya unga kwenye chakula cha watoto. Mbaazi zinahitaji mifuko hiyo kuliko hata mahindi, kwani zinatobolewa haraka. Mifuko ikae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, mtu aweze kupita nyuma yake na tochi. Panya akitoboa tabaka la ndani, mfuko huo umekuwa gunia la kawaida, uliwe kwanza.

Dona ikasagwe kila wiki, isizidi. Ikikaa wiki tatu kwenye joto letu inaanza uchungu, kwa sababu kiini chenye mafuta kimesagwa humo humo.

Vyombo: sufuria 3 za lita 100 na moja ya lita 50 ya mboga. Makande ya watu 320 yakishaiva yanafika lita 150, na sufuria haijazwi zaidi ya robo tatu, kwa hiyo mbili zinatosha kwa shida. Ya tatu mtaihitaji siku ya ugali, kwani kusonga zaidi ya kilo 25 za unga kwenye sufuria moja ni kuwaumiza wapishi na kubakiza madonge mabichi. Wapishi watatu, wakapimwe afya kila miezi 6. Mahindi na mbaazi viloweke saa 10 jioni ya siku iliyotangulia, maji ya kulowekea yamwagwe, sufuria ipande saa 1 asubuhi. Chakula kiwe tayari saa 6.

Kuna mtu atapendekeza makopa ya muhogo kwa sababu ni rahisi. Msikubali kwa mwaka wa kwanza. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa unabaki na sumu ya sianidi, na sumu hiyo ikiliwa siku baada ya siku huleta konzo, ulemavu wa miguu usiotibika. Makopa ya nyumba 320 hamwezi kujua yametayarishwaje.

---

FundiGata_Masasi

Naungana na aliyetangulia, lakini hesabu yake imeacha maji, na huko juu Newala maji ndiyo yatakayoamua kama jiko litawaka mwezi wa tisa.

Kupika, kuosha vyombo na kunawa mikono kwa pamoja ni lita 3 kwa mwanafunzi kwa siku, mkibana. Kwa 320 ni lita 960 kwa siku, lita 4,800 kwa wiki. Ya kunywa sijaweka.

Upande wa paa mna utajiri. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 20 kwa 9 lina mita za mraba 180. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 900, ukitoa sehemu ya tano inayoruka na kuvuja, jengo moja linakupa lita 129,600. Majengo mawili yanazidi mahitaji ya jiko ya mwaka mzima. Tatizo ni pa kuyaweka, kwa sababu mvua yenu inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kisha hakuna kitu.

Tanki la lita 50,000 likijaa katikati ya Mei litawapa wiki kama 10 za kupika: wiki tatu za mwisho wa muhula wa kwanza, halafu Julai na Agosti. Septemba hadi Novemba mtategemea bomba au boza. Kwa hiyo bajeti ya boza iandikwe tangu mwanzo, na kila siku bomba linapotoka msimu wa kiangazi maji yaelekezwe tankini, hata kama tanki halijapungua sana.

Msinunue kwanza tanki moja kubwa la plastiki. Matanki matano ya lita 10,000 yakiunganishwa chini yanafanya kazi ile ile, na moja likipasuka hamjapoteza yote, mradi kila moja liwe na koki yake. Lakini angalieni kitako: lita 10,000 ni tani 10. Uwanda wenu ni mchanga. Kitako kichimbwe mpaka udongo mgumu, kijazwe mawe na kushindiliwa, juu yake zege ya sentimita 15 yenye wavu wa chuma, kizidi upana wa tanki kwa sentimita 20 kila upande. Bomba la kufurikia lipeleke maji mbali, mita 3 au zaidi, la sivyo maji ya ziada yatachimba mchanga chini ya kitako, na tanki likilala upande linaweza kupasuka. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Gata: mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, vishikio kila nusu mita. Mkiachanisha vishikio kwa mita nzima, gata inapinda katikati, maji yanasimama, mbu wanazaliana na majani yanaozea humo. Maji ya kwanza ya msimu yana vumbi la miezi sita, kinyesi cha ndege na majani ya miembe. Yapitisheni kwanza kwenye pipa la lita 200, likijaa ndipo maji yaende tankini, na pipa liwe na koki ndogo chini ya kulimwaga baada ya kila mvua. Koki isiyomwagwa inalifanya pipa kuwa pambo tu: linabaki limejaa na uchafu wa mvua ya pili unaingia moja kwa moja.

Koki ya kuchotea iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki ili tope libaki chini. Mlango wa tanki ufungwe kwa kufuli.

---

Mjumbe_Newala

Ahsanteni sana ndugu zangu, hii ndiyo aina ya majibu niliyoyatafuta. Mawili bado. Kuna wazazi hawalimi mahindi kabisa, wana mikorosho tu. Hao wachangie vipi? Na kuni je? Kuna mjumbe anasema tusipike kwa kuni kwa sababu ya agizo la serikali, mwingine anasema Mtwara tuna gesi yetu wenyewe kwa hiyo itakuwa rahisi.

---

Daftari_Lindi

Nijibu la michango, kisha wa jiko atajibu la kuni.

Fuateni kalenda ya mfuko wa mzazi. Mahindi yanavunwa Mei na Juni, choroko Juni, mbaazi kuanzia Julai hadi Septemba. Korosho zinaingia mnadani kuanzia Oktoba. Kwa hiyo mwenye mahindi alete Juni na Julai, mwenye mbaazi Agosti na Septemba, na mwenye korosho peke yake alipe fedha Novemba na Desemba, kwa thamani ya kilo zile zile kwa bei ambayo mkutano umeikubali mwezi Julai. Shule nyingi hudai mchango Januari wanafunzi wanapofungua. Huo ni mwezi ambao ghala la nyumbani limekwisha, fedha za korosho zimeingia kwenye sare na madaftari, na mahindi sokoni yapo juu. Mkianza kukusanya Januari, mmeanza na deni.

Maana yake programu inayopikwa Januari inaanza kukusanywa Juni ya mwaka uliotangulia. Kama mmechelewa, anzeni kupika Julai, msilazimishe Januari.

Wenye korosho wanauza kupitia vyama vya msingi na fedha zinaingia kwenye akaunti zao. Kuna kishawishi cha kuomba chama kikate mchango wa shule moja kwa moja kwenye malipo. Kifanyike kwa mzazi aliyesaini mwenyewe kwa hiari, jina kwa jina. Azimio la mkutano halitoshi kugusa fedha ya mtu, na mkifanya hivyo mara moja mtapoteza imani yao kwa miaka.

Kuhusu utaratibu: elimu bila ada ilianza Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na tangu hapo michango ya lazima ya kumzuia mtoto kuingia darasani haikubaliki. Chakula ni makubaliano ya wazazi. Iteni mkutano wa wazazi, muhtasari uandikwe na kusainiwa na mahudhurio yaambatanishwe, bodi ipitishe, nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Mtoto ambaye mzazi wake hajaleta asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo, na mimi nasema asinyimwe hata sahani. Panga hesabu mkijua kaya moja kati ya kumi haitaleta: yatima, wagonjwa, wanaolea wajukuu. Badala ya kilo 33 ombeni 37 kwa wanaoweza, na 13.5 za mbaazi badala ya 12, pengo litaziba. Orodha ya wasioweza iandaliwe na wenyeviti wa vitongoji au mitaa, isisomwe mbele ya wanafunzi.

Fedha zote ziingie akaunti ya shule na kuonekana kwenye hesabu za shule kama fedha nyingine. Kilo zina leja yake: tarehe, aliyeleta, kilo zilizoingia, kilo zilizotoka jikoni, baki. Kila Ijumaa baki la leja lilinganishwe na mifuko iliyopo. Tofauti ikigundulika ndani ya wiki inafuatilika. Ikigundulika mwisho wa muhula ni ugomvi tu.

---

Jiko_Nachingwea

La kuni. Mjumbe wa kwanza yupo sahihi: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Wa pili anachanganya gesi mbili. Gesi ya Mnazi Bay inaenda kwenye bomba na mitambo ya umeme. Ya kwenye mtungi ni nyingine, inaletwa kwa meli kutoka nje na bei yake Newala ina nauli ndani yake. Kwa makande yanayochemka kwa muda wa saa nne, gesi ya mtungi peke yake itawafilisi.

Njia inayobebeka ni mkaa mbadala wa vitofali kwenye jiko kubwa la kujengwa, lenye chemba ya matofali ya kuchoma na dohani inayotoka juu ya paa. Gesi iwe ya kusonga ugali na kupasha mboga, kazi za nusu saa. Sufuria izame ndani ya jiko mpaka robo tatu ya kimo chake, na uwazi kati ya sufuria na ukuta uwe sentimita 2 hivi. Fundi akiacha sentimita 6 moto unapita pembeni na mtachoma mara mbili. Kwa hiyo nunueni sufuria kwanza, jiko lijengwe kwa kipimo chake. Kuloweka nako ni nishati: mbaazi zilizolala majini zinaiva kwa muda mfupi zaidi kuliko kavu, na mahindi yaliyokobolewa yanatangulia yale yenye ganda.

---

Kilimo_Tandahimba

Nakubali chakula kiwe cha kwanza, ila sikubali kitalu kisubiri mwaka mzima. Kitalu cha miche 500 kinaanza na maji ya jikoni, na ndicho kitakachochangia kununua mafuta na chumvi mlizoambiwa zinataka fedha taslimu.

Viriba (mifuko ya kupandia miche) vya sentimita 15 kwa 25, vitobolewe chini. Udongo wa juu sehemu tatu na samadi iliyooza sehemu moja. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mbegu chukueni zinazotambulika, Naliendele ni karibu na ndiko utafiti wa korosho wa nchi hii uliko, msiokote tu chini ya mti wa jirani. Ziwekwe kwenye maji, zinazoelea zitupwe, zilizozama ziloweke siku mbili. Pandeni sehemu ya kikonyo ikiangalia juu, kina kisizidi sentimita 5. Mkigeuza kichwa chini, mche unatoka umepinda shingo. Baada ya wiki mbili mpaka tatu zinachomoza.

Kumwagilia ni robo lita kwa kiriba kila baada ya siku moja, kwa miche 500 ni lita 125. Maji ya kusuuzia mbaazi na ya sufuria yasiyo na sabuni wala chumvi yanatosha. Wanafunzi hupenda kumwagilia kila siku asubuhi na jioni, na hapo ndipo shingo ya mche inaoza. Kivuli cha makuti kiwe nusu, kipunguzwe taratibu mche unapofikisha majani sita. Sogezeni viriba kila wiki tatu, kwani mzizi mkuu wa mkorosho unatoboa kiriba na kuingia ardhini, na siku ya kuung'oa unakatika na mche unakufa shambani kwa aliyenunua. Mkiona majani machanga yanakauka kwa madoa meusi, huyo ni mbu wa mikorosho, mwiteni afisa ugani kabla ya kupuliza chochote.

Lakini hesabuni tarehe. Mkipanda mbegu mwanzoni mwa Oktoba, miche inafaa kwenda shambani mwishoni mwa Desemba na Januari, mvua ikishashika. Shule inafungwa mwanzoni mwa Desemba. Vitalu vingi vya shule hufia hapo hapo, wiki ya pili ya likizo, nani wa kumwagilia hajulikani. Kabla ya kununua kiriba kimoja, bodi iandike majina ya wanafunzi wanaoishi karibu, zamu zao za likizo, na mwalimu mwenye ufunguo wa geti. Na tangazeni miche tangu Novemba, wazazi wanapopokea fedha. Mkorosho unapandwa mita 12 kwa 12, ekari moja inataka miche 28 hivi, kwa hiyo miche 500 inakwisha kwa kaya chache tu.

Masomo ya jioni yaanze wiki ya nne baada ya jiko kutulia, yasizidi saa 10:30. Jua linazama karibu na saa 12, na msichana wa kilomita 6 anahitaji saa moja na nusu njiani.

---

Mjumbe_Newala

Nimeelewa. Swali moja la mwisho kwa Daftari: ufunguo wa ghala akae nao nani? Hapa kila mmoja ana jina lake mdomoni.

---

Daftari_Lindi

Wekeni makufuli mawili tofauti mlangoni. Ufunguo mmoja mwalimu wa chakula, wa pili mzazi aliyechaguliwa na mkutano anayeishi karibu na shule, na kila mmoja awe na msaidizi aliyeandikwa jina. Mpishi asiwe na ufunguo wowote. Ghala lifunguliwe mara moja kwa siku, saa 9 alasiri, kutoa chakula cha kesho kabla hakijalowekwa, kipimwe mbele ya kiranja wa chakula, na wote watatu wasaini leja. Mkuu wa shule asishike ufunguo: yeye ndiye wa kukagua, na anayekagua hafai kuwa ndiye anayetoa.